Jirani Yako Hahami, Bibi

Bibi yangu mpendwa,

Nianze na habari ambayo ungetaka kuisikia kabla hata sijakuamkia: Bi Thuraya hahami. Haendi Sur kwa mwanawe. Leo asubuhi nimemsikia upande wa pili wa ukuta akimgombeza paka, nikasimama uani na ufagio mkononi nikamsikiliza mpaka akamaliza, kama mtu anayesikiliza wimbo redioni. Shikamoo, Bibi. Sasa ndiyo nakuamkia.

Nami nimemaliza shule. Matokeo yametoka, nimepata nafasi chuoni Nizwa, nitasomea uchumi wa maendeleo. Baba aliposoma ujumbe kwenye simu alinikumbatia, halafu akatoka akaenda kukaa ndani ya gari peke yake bila kuliwasha. Nadhani alitaka kukupigia wewe.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu sijui kuzungumza nawe kwa lugha nyingine. Shuleni kila kitu kilikuwa Kiarabu, na simu yangu ni nusu Kiarabu nusu Kiingereza, lakini jikoni kwako kilikuwa Kiswahili tu, na nikikosea ulijifanya hujanisikia mpaka niseme sawasawa. "Bibi, vitabu yangu iko wapi?" haikupata jibu. "Vitabu vyangu viko wapi?" ilipata jibu na andazi juu yake.

Unakumbuka mwaka ule Abla Maryam, mwalimu wetu wa masomo ya jamii, alipotufundisha namna dunia inavyoupima umaskini? Mimi siwezi kusoma kimya, sielewi mpaka nisikie sauti yangu. Na mbele ya watu sauti yangu haitoki. Kwa hiyo nilikuwa nakuja kukusomea wewe. Ulikuwa unakaa kwenye mkeka na ungo wa mchele mapajani, mimi mlangoni na kitabu, na kila mstari nikiusoma kwa Kiarabu halafu nakufasiria.

Nilikwambia kuwa zamani wataalamu walitazama pato tu. Nchi ina kiasi gani, gawa kwa watu wake, umemaliza. Kisha wakatokea wengine wakasema hapana, pato peke yake halisemi kitu. Tazameni watu wanaishi umri gani, wamesoma kiasi gani, maisha yao yana hali gani. Wakasema maendeleo ni yale ambayo mtu anaweza kuyafanya na vile anavyoweza kuwa, si kile kilichomo mfukoni mwake tu. Na kwa hesabu hiyo wakazipanga nchi zote, ya juu mpaka ya chini.

"Kumbe nchi nazo zinapewa ripoti kama watoto wa shule?" ukaniuliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Na sisi tumepanda darasa au tumerudia?"

Nikakwambia tumepanda, tena sana. Ukaridhika kama vile mimi ndiye niliyepasi. "Bila shaka tumepanda," ulisema. "Nilipofika Ibra nilikuwa nateka maji kwenye mfereji wa falaj na ndoo kichwani. Leo nagombana na mashine ya kufulia."

Halafu nikaendelea kusoma. Nikafika pale wanapoeleza kwamba katika kuupata umri wa watu wanahesabu pia watoto wanaokufa wachanga, na kwamba nchi ikijenga vituo vya afya vijijini hupanda haraka kwa sababu watoto hao wanabaki. Ukaniambia, "Soma tena hapo pa watoto." Nikasoma tena. Ukaweka ungo chini.

Hukuwa umewahi kunitajia Said. Mtoto wako wa kwanza, kabla ya Baba, uliyemzaa kule bara ndani kabisa, mbali na Tabora, Babu alipokuwa na duka la chumvi na vitambaa. Aliharisha, mvua ilikuwa imeikata barabara, na hospitali ilikuwa upande wa pili wa mto. Uliyasema hayo kwa maneno machache, na macho yako yalikuwa kwenye mchele.

"Basi Said wangu yumo humo kwenye hesabu yao," ukasema.

Sikujua kama yumo. Sikujua hata kama kuna mtu aliyewahi kuliandika jina lake mahali popote. Lakini nikasema, "Yumo, Bibi."

"Alhamdulillahi," ukasema, ukauchukua ungo wako.

Siku ile ndipo nilipojua nataka kusoma nini. Sikumwambia mtu. Wewe mwenyewe sikukwambia, na hilo linaniuma kidogo, kwa sababu ungewatangazia watu wote wa hara, mtaa mzima, kabla ya adhana ya alasiri.

Sasa nije kwa jirani yako. Mgeni angedhani mnachukiana. Yeye kazaliwa Unguja mjini, wewe umetoka bara, na tangu mlipopewa nyumba zenye ukuta mmoja hapa Ibra hamkuacha kubishana nani anajua kupika. Mumewe alikufa mapema. Mwanawe Khalfan anafanya kazi Sur na ana watoto wengi. Nyumba yake ni kongwe, kiyoyozi kiko chumba kimoja tu, na kikiharibika wakati wa joto anahamishia godoro ukumbini na kusema kuwa ndivyo anavyopenda. Kila mtu alijua kuwa Bi Thuraya hana kitu. Wewe ulijua zaidi ya wote. Na bado sijaona mtu anayemdai maskini vitu kama ulivyokuwa ukimdai wewe.

"Thuraya! Mkate wa kumimina wa leo uko wapi?" Ulikuwa unaupitisha ukelele wako juu ya ukuta bila hata kuinuka.

"Na mchele wa kuusaga uko wapi, mwanamke wa bara wee?"

"Si nimekuletea jana!"

"Ule? Ule nimedhani wa kuku!"

Ramadhani ndiyo ilikuwa kazi yangu kubwa. Unajua katika kichochoro chetu sahani hairudi tupu. Ukipelekewa sambusa, sahani inarudi na kalimati, au tende, au hata chungwa lililokatwa vizuri, lakini tupu hairudi. Kuirudisha tupu ni kama kumwambia jirani kwamba mmeachana. Basi nilikuwa navuka na maandazi yako, narudi na mkate wa Bi Thuraya umefunikwa kitambaa. Ulikuwa hufungui kwa upole. Ulikuwa unauminya kwa kidole, umefunga na una kiu, na hukumu inatoka hapo hapo.

"Leo umekaa kama sponji ya kuoshea gari. Rudi umwambie."

Na mimi, Bibi, ambaye siwezi kuagiza juisi dukani bila kufanya mazoezi njiani, nilikuwa narudi mpaka mlangoni kwake na kusema, "Bibi anasema ahsante sana."

Bi Thuraya alikuwa ananitazama. "Muongo wewe. Kasema nini?"

Nilikuwa namwambia kwa sauti ya chini kabisa. Alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. "Mwambie maandazi yake nimeyapa kazi. Yanazuia mlango usijifunge na upepo."

Ulituacha kabla ya Ramadhani. Sitaki kuandika habari za siku zile, wewe ulikuwepo na hukuwepo. Nitaanzia pale watu walipokwisha kurudi makwao na nyumba ikawa na nafasi nyingi kuliko inavyotakiwa.

Baba, kama ujuavyo, ndiye mkubwa wa kikundi cha kheri cha hara yetu. Mfungo ulipokaribia, kikundi kilikutana sebuleni kwetu kupanga nyumba za kupelekewa chakula, nami nilikuwa napeleka kahawa mpaka mlangoni. Baba akasema, "Bi Thuraya naye tumtie. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa anamchosha bure yule mzee. Mtu hana kitu, halafu kila siku asimame jikoni ili apate cha kurudisha kwenye sahani. Mwaka huu apumzike. Tumpelekee katoni kama wengine, na majirani tuwaambie wasimpelekee sahani, asije akalazimika kurudisha."

Wote waliliona jambo la huruma. Na lilikuwa la huruma, Bibi. Sisemi kwamba mwanao alikuwa na nia mbaya, alikuwa na huzuni na alitaka kumfanyia wema mtu uliyempenda. Katoni ikapelekwa: mchele, mafuta, sukari, dengu, maziwa ya unga. Aliyeipeleka aliiweka mlangoni, akagonga, akaondoka haraka ili wasionane uso kwa uso, kwa kuwa kikundi kinajitahidi kuificha sadaka. Kila kitu kilifanywa kwa adabu. Na katoni, tofauti na sahani, hairudishwi.

Ukuta ukanyamaza. Mwanzoni tulidhani ni msiba, kwamba anakukumbuka. Hakuonekana tarawehe. Mama akampigia simu kumuuliza hali, akajibu, "Niko salama mwanangu, Mungu akulipeni kheri, mmenitunza sana." Mama alishusha simu akanitazama. Upole, Bibi! Bi Thuraya! Tungefurahi zaidi kama angetutukana.

Idi ikapita. Nikaingia kwenye mitihani, na kwa wiki nyingi sikuona kitu isipokuwa karatasi. Matokeo yalipokwisha kutoka, Khalfan akaja kutoka Sur kumwona Baba, amefurahi mno. Kwa miaka amekuwa akimwomba mama yake ahamie kwake na mama yake akikataa. Sasa, akasema, amekubali. Mwisho wa wiki atakuja na pikapu kuchukua vitu, na nyumba itafungwa.

"Sikumlazimisha," alisema Khalfan. "Nilipomuuliza safari hii hakubisha. Kaniambia ati hapa hana shughuli tena." Akacheka. "Kana kwamba Sur ana shughuli!"

Baba naye akacheka, akamwombea dua. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na birika la kahawa likiniunguza vidole.

Hana shughuli tena.

Kuna jambo jingine nililolisoma kwa Abla Maryam baada ya wewe kuondoka, kwa hiyo hukulisikia. Mataifa ya dunia yamekubaliana kuumaliza umaskini wa kila namna. Wala si umaskini tu, bali umaskini wa kila namna, na neno hilo lilinichosha darasani kwa sababu sikuelewa ni namna ngapi. Wapo wanaohesabu njaa, shule, maji na umeme, nyumba kwa nyumba. Wapo waliosema kabla ya kuhesabu tuwaulize maskini wenyewe. Abla alitueleza kwamba ukimuuliza mtu asiye na kitu, mara nyingi hataanza na chakula. Ataanza na aibu, au na kutosikilizwa, au na siku ambayo hakuna aliyemuuliza anaonaje. Niliandika yote hayo kwenye mtihani kwa mwandiko mzuri. Nilikuwa nafikiria nchi za mbali. Upande wa pili wa ukuta wetu alikuwepo mtu ambaye hakuna aliyemuuliza.

Nilijua inanipasa nimwambie Baba. Nilijua pia kwamba siwezi. Unanijua, nikitaka kusema jambo zito mbele ya mtu anayenitazama, ulimi wangu unakauka na ninajikuta nikiuliza kama anataka chai.

Bahati yangu ilikuwa safari. Siku mbili kabla ya pikapu kuja, Baba alinipeleka Nizwa kukamilisha usajili. Garini watu hawatazamani, Bibi, wote wawili wanatazama barabara. Tulipokuwa tunakaribia Izki, kabla ya yale mashamba ya mitende kuanza, nikasema, "Baba."

"Naam, mama." Bado ananiita hivyo kwa ajili ya jina lako nililopewa.

"Bi Thuraya hataki kwenda Sur."

"Amekwambia?"

"Hapana."

"Basi umejuaje?"

Nilihesabu nguzo za umeme zikipita. "Bibi hakuwa anamchosha," nikasema. "Alikuwa anamtaka kitu. Sasa hakuna anayemtaka kitu. Tunampa tu."

Baba hakukasirika, lakini sauti yake ilichoka ghafla. "Kwani kumpa mtu ni vibaya? Zipo nyumba katika hara hii ambazo zisingefuturu bila katoni zile. Unazijua."

"Nazijua."

Na ni kweli, sikutaka kuzisema vibaya katoni. Mwenye njaa anataka chakula, hataki mawazo ya mtoto wa shule. Nilitamani kunyamaza hapo. Lakini nikamwona tena akilini Khalfan anacheka, nikasema, "Zamani alikuwa na chakula kidogo na shughuli. Sasa ana chakula kingi na hana shughuli. Sisi tulitazama chakula tu."

Tukaipita Izki nzima. Mbele kidogo akaingia kituo cha mafuta, akashuka, akarudi na chai mbili za maziwa za karak, akanipa moja. Akabaki ameshika yake bila kunywa.

"Mama alikuwa akimwambia mkate wake mbaya," akasema. "Mbele za watu. Mimi nilikuwa naona haya, mama. Nikidhani anamdharau."

"Alikuwa hali mkate mwingine, Baba."

Akaanza kuinywa chai yake. Kisha akaniuliza swali ambalo mtu mzima hajawahi kuniuliza. "Sasa tufanyeje?"

"Sijui," nikasema. Halafu nikashangaa kujisikia nikisema, "Mimi nitakwenda kumtaka mkate."

Kesho yake nikakaanga maandazi. Ya kwanza yaliungua, ya pili hayakuiva katikati, ya tatu yakapata rangi. Nikayaweka kwenye sahani na kitambaa, nikavuka. Sebuleni kwa Bi Thuraya kabati lilikuwa wazi na vikombe vimefungwa kwa magazeti. Na katoni ya kikundi ilikuwa pembeni, imefunguliwa lakini imejaa.

"Shikamoo, Bi Thuraya."

"Marahaba." Akaitazama sahani. "Ya nini hiyo?"

"Maandazi."

"Wapelekee wenye haja. Mie nshaletewa changu."

Nilikuwa nimeyapanga maneno usiku na asubuhi, yakaondoka yote pamoja. Lililobaki ni moja. "Naenda chuo Nizwa," nikasema. "Nataka unifundishe mkate wa kumimina."

"Utakaa wapi huko?"

"Hosteli ya wasichana."

"Ina jiko?"

"Haina."

"Basi mkate utaumiminia wapi, kitandani?"

Hoja yangu ilikuwa imekufa mlangoni. "Sijui," nikasema. "Nautaka tu. Tangu Bibi afe sijaula." Na hapo, Bibi, nikalia, wala si kilio kizuri.

Hakunikumbatia. Bi Thuraya unamjua. Alifunua kitambaa, akachukua andazi moja, akaliminya kwa kidole.

"Hili umekaanga wewe?"

"Ndiyo."

"Afadhali. Ya bibi yako yalikuwa magumu zaidi." Akalimega, akala, akatafuna kwa muda huku akinitazama. Kisha akasema, "Mchele umeloweka?"

"Hapana."

"Hujaloweka mchele, na unakuja kutaka mkate! Watu wa bara nyinyi!"

Ingekuwa nimepewa zawadi isingenifurahisha vile. Nikafuta uso kwa mtandio, nikamwambia nitaloweka ule wa kwenye katoni. Akaruka kama nimemtukana.

"Ule? Ule wa biriani ule, mrefu kama sindano! Ukisagwa unakuwa gundi. Nani aliyeuchagua? Na maziwa ya unga, nani kawaambia mie nakunywa maziwa ya unga? Mtu angeniuliza ningemwambia. Mlango ninao, mdomo ninao. Ananibwagia katoni anakimbia kama anafukuzwa na mbwa!" Alikuwa amesimama katikati ya vikombe vyake na mikono kiunoni. "Kamwambie baba yako aje hapa mwenyewe. Na wewe nenda ukanunue mchele wa maana, na iliki, na nazi, na usinunue hamira ya zamani."

Nikakimbia. Kweli nilikimbia, barabarani, na abaya yangu, mchana.

Khalfan alifika na pikapu siku aliyoahidi. Mimi nilikuwa jikoni kwa mama yake, mikono imejaa unga wa mchele, nikiambiwa kwamba nakoroga kama nachimba kisima. Alisimama mlangoni.

"Mama, twende. Mbona hujafunga vitu?"

"Niende wapi na hamira ishaumuka?"

"Mama, jamani! Nimetoka Sur!"

"Basi kaa ule. Ukirudi utawapelekea watoto."

Nilimwonea huruma, maana alitaka kuwa na mama yake na hilo si kosa. Wakazungumza wawili sebuleni, mimi nikajishughulisha na makaa ya juu ya kifuniko cha sufuria. Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu kidogo lakini hakuwa na hasira. Akarudi Sur na mkate, na ahadi kwamba mama yake atakwenda kukaa nao wakati wa joto kali kisha atarudi. Vile vikombe nilivifungua mimi gazeti moja baada ya jingine nikavirudisha kabatini, na kila nikikiweka kimoja Bi Thuraya alikuwa anakihamisha.

Bibi, sijui kama ulikusudia. Nimelifikiria sana hilo. Pengine ulijua kabisa unachokifanya, kwamba unamwekea jirani yako nafasi ya kudaiwa na kudai ili asiwe mtu wa kupewa tu. Pengine ulipenda mkate na ulipenda kugomba. Nilikuwa nataka sana jibu liwe la kwanza, ili niende nalo chuoni. Sasa naona hata likiwa la pili, bado jambo lilifanyika, na bado nataka kujua namna ya kulifanya mahali ambapo hakuna ukuta mmoja wala bibi mwenye kelele. Serikali haiwezi kwenda mlango kwa mlango kumwambia kila mtu mkate wake ni sponji. Lakini inaweza kuuliza kabla ya kuleta. Inaweza kuacha mtu achague mchele. Najua haya ni mawazo madogo na nitakapofika huko nitajicheka. Acha nianze nayo.

Naogopa Nizwa. Naogopa siku ya kwanza mwalimu atakapouliza jina langu mbele ya watu wote. Lakini kuna uzito uliokuwa kifuani mwangu tangu tulipokuzika, nikidhani ni huzuni peke yake, na umepungua. Nadhani nusu yake ilikuwa ni yale niliyokuwa siwezi kuyasema. Nalala vizuri, Bibi. Nakula. Mama anasema nimeanza kubamiza milango.

Kuhusu mwanao: alikwenda. Jana alasiri, alivaa kanzu safi na kilemba kama anayekwenda kuposa, akapiga hodi kwa Bi Thuraya pamoja na wenzake wawili wa kikundi. Alikwenda kuomba radhi, na kumwomba awe anakaa nao wakati wa kupanga, yeye na wanawake wengine wa hara, kwa kuwa kuna mambo nyumba hazitawaambia wanaume. Nilipeleka kahawa, na safari hii sikubaki nyuma ya mlango. Bi Thuraya alianza kwa kuikataa katoni yenyewe. Alitaka kila nyumba ipewe kadi ya kuchukulia dukani, mtu achague anachokula.

"Watu watanunua soda, Bi Thuraya," akasema Baba.

"Na wewe hununui soda?"

"Nanunua, lakini..."

"Lakini nini? Maskini hana ulimi?"

Hawakuafikiana. Baba ana hoja, mwenye duka anaweza kupandisha bei, na Bi Thuraya hataki kusikia hoja yoyote ambayo si yake. Aliwagomba kuhusu mchele, akawagomba kuhusu maziwa, akamwuliza mmoja wao kwa nini amekonda, na kabla hawajatoka akawatwisha kila mmoja kazi. Watakutana tena wiki ijayo, kwake, na amesema waje mapema.

Baba aliingia nyumbani, akavua kilemba, akakaa pale kwenye mkeka wako. Alikuwa hoi. Mama akamwuliza imekuwaje. Akafunika uso kwa viganja, na mabega yake yakaanza kutikisika, nasi tukaogopa, mpaka tulipoona kwamba anacheka.

"Tangu tumzike Mama," akasema, "sijakaripiwa hivi."

Pumzika, Bibi yangu. Mungu akupe makazi mema, akukutanishe na Said. Huku ukutani kuna kelele za kutosha.

Ni mimi, mjukuu wako uliyempa jina lako,
binti wa mwanao